Uvimbe Ujifichao Tumboni
Mkazi wa Njombe au Makambako aonapo choo cheusi kama lami, huku akiishiwa nguvu kwa upungufu wa damu, asikimbilie kudhani ni vidonda vya tumbo tu. Huenda ni uvimbe uitwao GIST, uotao katika ukuta wa mfuko wa tumbo au wa utumbo, ukavuja damu polepole. Mwaka 1998 wataalamu wa Japani walionyesha kuwa aghalabu chanzo chake ni hitilafu ya jeni iitwayo KIT: seli huamrishwa kugawanyika bila kikomo. Daktari hutazama kwa endoskopi, na kipande cha uvimbe hupimwa maabara. Uvimbe usiosambaa huondolewa kwa upasuaji. Uliosambaa hudhibitiwa kwa vidonge vya imatinibu, vinavyozuia amri hiyo. Kwa hiyo choo cheusi kisifichwe kwa haya.