Mkono uliosubiriwa miezi 19

MWALONI Rumonge karibu kila kazi ni ya mkono. Mvuvi anavuta wavu, mpagazi anapokea magunia kutoka boti za Baraka, mkata mawese anapanda na panga lake. Ukiwaambia watu hawa kwamba yuko mchezaji aliyekaa msimu mzima bila kucheza, akisubiri kiwiko kipone, watakucheka.

Mchezaji huyo ni Tommy John wa Marekani, na mchezo wake ni besiboli. Sisi tuliosoma makazi ya Mishamo, Tanzania, hatukuujua. Mpira wetu ulikuwa wa matambara na ulipigwa kwa mguu. Lakini siku hizi besiboli imefika kwa majirani. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Marekani.

Katika mchezo huo yuko mtu ambaye kazi yake ni kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo, umbali wa mita 18 na ushei, kwa mwendo unaoweza kuzidi ule wa basi la Bujumbura. Kila akirusha, upande wa ndani wa kiwiko unavutika. Hapo kuna utepe mfupi unaofunga mfupa kwa mfupa. Madaktari wanauita ligamenti.

Wa Tommy John, mkono wa kushoto, ulikatika Julai 17, 1974, akiichezea Los Angeles Dodgers. Septemba 25 Dk. Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wake wa kulia, akatoboa mifupa ya kiwiko kibovu na kuipitisha humo kama kamba. Alimwambia nafasi ya kurudi mchezoni ni moja kwa mia.

Ndugu msomaji, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo. Kamba inayojitokeza katikati ya kifundo ndiyo kano yenyewe. Ikiwa haipo usishtuke; wapo wengi waliozaliwa bila hiyo, na mikono yao inafanya kazi vizuri tu.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Neva ya mkono ilileta shida, vidole vikajikunja kama makucha, na Desemba akapasuliwa tena. Mwaka 1975 wote hakucheza mechi hata moja. Kano iliyohamishwa haigeuki ligamenti kwa siku moja: mishipa ya damu lazima iiingie, nayo ijijenge upya taratibu, kwa miezi mingi. Hatari ni kwamba maumivu yanaweza kwisha mapema, mtu akadhani amepona.

Alirudi uwanjani Aprili 16, 1976. Mwaka uliofuata alishinda mechi 20. Aliendelea hadi 1989, akiwa na miaka 46, na kati ya ushindi wake 288, mechi 164 zilikuja baada ya upasuaji. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake, na kwa kawaida warushaji husubiri kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu.

Mjapani Shohei Ohtani alipasuliwa kiwiko mwaka 2018, na tena 2023. Mwaka 2024 hakurusha mpira katika mechi yoyote, lakini hakukaa bure: alishika gongo na kupiga mipira 54 ya kutoka nje ya uwanja. Alirudi kurusha Juni 2025.

Wenzangu watasema hao wana klabu ya kuwalisha. Ni kweli, na hapo ndipo penye ugumu wetu. Mtu aliyerudi kutoka Tanzania akakuta shamba lina mwingine anakula kwa mkono wake. Ukimwambia apumzike miezi sita, umemwambia watoto wake wafunge. Ndiyo maana wanarudi kwenye magunia bega likiwa bado bichi, na mwisho wanaukosa mkono kabisa.

Jirani yangu mmoja, mpagazi, bega la kulia lilimtoka akishusha mizigo. Kikundi chetu cha akiba kilibishana jioni nzima, wengine wakisema tukianza hivyo kila mtu ataumwa. Mwishowe alipewa daftari la kuhesabu magunia na posho ndogo hadi mganga wa hospitali atakapomruhusu. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake ni mbaya kuliko za wanafunzi wangu wa darasa la pili, lakini hesabu ya magunia haijawahi kupungua.