Maniema: Picha ya kamera ikijaa mistari, chunguza umeme kwanza

KASONGO – Kamera ya ulinzi hufungwa juu ya mlango ili mtu aliyepita usiku ajulikane. Picha ikijaa mistari, mwizi hupita mbele yake na sura isionekane. Kwa mwenye duka wa Kasongo, au mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila katika eneo la Kabambare, hiyo ni pesa iliyotupwa.

Wengi hudhani kamera imekufa, wakaagiza nyingine. Mara nyingi kamera ni nzima. Kinachoharibu picha ni umeme. Kusini mwa Maniema nyumba nyingi hutegemea paneli za jua, batri na konvertisa, ile mashine inayogeuza umeme wa batri kuwa volti 220. Konvertisa za bei ya chini hutoa umeme usiotulia, na msukosuko wake huingia kwenye waya wa picha.

Jaribio ni rahisi. Toa kamera kwenye konvertisa, uilishe kwa batri ndogo ya volti 12 iliyo peke yake. Mistari ikipotea, kosa liko kwenye umeme. Ikibaki, shusha kamera, uiunganishe kwa waya mfupi karibu na kisanduku cha kurekodi. Picha ikisafika, kosa ni la waya mrefu: umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, au unafuatana na waya wa umeme. Utenganishe nao kwa sentimita 30 hivi. Pale zinapokutana, zipishane kama msalaba.

Picha ikizimika giza linapoingia, taa za usiku za kamera zinavuta umeme zaidi ya uwezo wa waya mwembamba. Weka waya mnene. Ukungu mweupe wa usiku ni jambo lingine: pangusa utando wa buibui na vumbi kwenye kioo.

Mafundi wanaoanza hufanya makosa mawili ya hatari. La kwanza ni kukata waya unaoshuka ardhini ili mistari iondoke. Waya huo ndio kinga ya watu umeme unapovuja. La pili ni kuacha kamera moja kwa moja kwenye batri ya paneli: jua likiwa kali, batri inayochajiwa hupita volti 14, na kamera ya volti 12 inaweza kuungua. Kati yao iwekwe regleta ya volti 12.