Mwenendo wa programu: kuandika mifano ya majaribio kwa Kiswahili

Mfasiri anayekutana na njia ya kuunda programu iitwayo kwa Kiingereza behaviour-driven development hushawishika kuandika tabia. Afadhali mwenendo. Tabia huashiria malezi na maadili, na programu haina malezi. Mwenendo ni namna kitu kinavyokwenda mbele ya macho ya anayekitumia. Dan North wa Uingereza, aliyeieleza njia hii katika makala ya mwaka 2006, alikuwa ameona kwamba neno jaribio lenyewe liliwatatiza waliojifunza kwake: hawakujua waanzie wapi wala wajaribu nini.

Kuanza hakuhitaji kompyuta. Anayeijua kazi, anayeandika programu na anayeijaribu huketi pamoja, wakaandika mifano kwa lugha ya kawaida kabla programu haijaandikwa. Kila mfano una hali, tukio na tokeo. Baadaye zana kama Cucumber, iliyoanzishwa na Aslak Hellesøy mwaka 2008, huisoma mifano hiyo na kuijaribu programu kwayo, mradi kila sentensi imeunganishwa na msimbo wake.

Tuchukue programu ya kubuni ya mizani katika barabara itokayo Lusahunga, Biharamulo, hadi mpakani Rusumo, Ngara, wanakopita madereva wa malori yaendayo Rwanda. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka ukomo wa tani 56 kwa uzito wa jumla.

Hali: Lori la ekseli 7 lina uzito wa jumla wa tani 56.
Tukio: Lori linapopimwa.
Tokeo: Lori linaruhusiwa kuendelea na safari.

Mfano huu unafichua kosa ambalo kanuni ingelificha. Iwapo kanuni imeandikwa “chini ya tani 56”, lori hili litazuiwa na dereva atatozwa faini asiyostahili. “Lisilozidi tani 56” humpitisha. “Hadi” huacha ubishi, na mtunzi wa programu atauamua peke yake, kimyakimya.

Katika hali, epuka ikiwa: hutia shaka mahali ambapo jambo limekwisha kukubaliwa. Sentensi ya kawaida yenye -na-, -me- au ni yatosha. Katika tukio, -po- ni bora kuliko -ki-, kwa sababu “likipimwa” huacha nafasi kwamba huenda lisipimwe. Katika tokeo andika “linaruhusiwa”, si “liruhusiwe”. Tunaeleza kitakachoonekana, hatuombi.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya ngeli. Lori na tela yote huchukua li-, hivyo “lori lenye tela likizidisha uzito linazuiwa” haisemi kinachozuiwa ni kipi. Mwalimu wa insha angemsahihisha mwanafunzi anayerudia “lori” katika kila sentensi. Hapa arudie tu.