Mficha uchi hazai: methali tuifundishayo bila kuisadiki

Majuzi alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu katika shule moja ya Ruiru. Nilidhani amekuja kuniuliza jambo la sarufi, kama ilivyo desturi yake. Badala yake alitoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, akaniomba nimtafsirie neno moja. Kwa miaka minne amekuwa akitafuta mtoto bila kufanikiwa. Daktari alikuwa amemweleza kwamba mirija yake ya uzazi imeziba, huenda kutokana na maambukizi aliyoyapata zamani na ambayo hayakutibiwa. "Mwalimu," aliniuliza, "klamidia huitwaje kwa Kiswahili? Nataka kumweleza mume wangu."

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi na nimeketi katika vikao kadhaa vya kubuni istilahi, lakini siku hiyo sikuwa na jibu. Klamidia kwa Kiswahili ni klamidia. Hatujaupa ugonjwa huu jina letu wenyewe, kwa kuwa hatujapata kuuzungumza. Akaongeza kwa sauti ya chini: "Nikimwambia ni ugonjwa wa zinaa, atasikia zinaa tu, ugonjwa hatausikia."

Mficha uchi hazai. Hapana mwanafunzi wa sekondari asiyeijua methali hii. Tunamfundisha kwamba asiyetaka kueleza shida yake hapati msaada. Naye huitungia insha, akapata alama zake, kisha akaisahau. Maana yake ya wazi sisi walimu huiruka upesi, kana kwamba itatuchafua. Kumbe katika jambo hili methali haisemi kwa fumbo hata kidogo: afichaye maradhi ya sehemu za siri aweza kweli asizae. Hoja yangu leo, msomaji mpendwa, ni kwamba lugha tunayotumia kuyataja maradhi haya, au kuyanyamazia, imekuwa sehemu ya maradhi yenyewe.

Tuanze na jina la jumla. Neno zinaa tulilipata kutoka Kiarabu, nalo lina maana ya kujamiiana nje ya ndoa. Kwa hivyo tusemapo "magonjwa ya zinaa" tumekwisha kutoa hukumu kabla ya mgonjwa kufika kwa daktari. Mke mwaminifu aliyeambukizwa na mumewe huitwa mgonjwa wa zinaa. Mtoto mchanga aliyezaliwa na kaswende kutoka tumboni mwa mamaye naye anauguza zinaa! Je, ni ajabu kwamba watu hujificha?

Tazama pia neno kisonono. Lina ukoo na kitenzi sonona, yaani kuuma, kutia maumivu. Waliolibuni walimtazama mwanamume, ambaye aghalabu hupata maumivu makali akikojoa na kutokwa na usaha siku chache baada ya kuambukizwa. Lakini wanawake wengi wenye kisonono hawasononi wala hawaumwi. Anayengoja maumivu ndipo atibiwe atangoja hadi mirija imeharibika. Kaswende nayo huanza kwa kidonda kimoja kisichouma, ambacho hupona chenyewe. Mgonjwa hushukuru Mungu, asijue kwamba vijidudu vimo mwilini bado. Baada ya wiki kadhaa huenda akapata vipele, hata kwenye viganja na nyayo. Navyo hutoweka, kisha ugonjwa hukaa kimya kwa miaka kabla ya kuushambulia moyo au ubongo. Klamidia ndiyo kimya kuliko yote, na labda ndiyo sababu wahenga hawakuipa jina.

Kwa upande mwingine, ukisafiri kwa matatu kutoka Ruiru hadi Thika utaviona vikaratasi vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za vituo. Humo mganga huahidi kumrejesha mpenzi aliyetoroka, kushinda kesi na kuponya kisonono. Nimevisoma kwa uchungu. Miji hii miwili imejaa viwanda, vyuo na vyumba vya kupanga, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika. Katika miji ya vijana wengi namna hii, mahali pekee hadharani ambapo nimeona maradhi haya yakitajwa kwa majina bila haya ni kwenye tangazo la mganga. Sisi wenye elimu tumemwachia uwanja.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kunong'onezwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu: klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi. Hayo ni zaidi ya milioni moja kila siku, na mengi hayana dalili. Yote manne hutibika kwa dawa zinazojulikana. Mengine manne husababishwa na virusi: ukimwi, malengelenge ya sehemu za siri, homa ya ini aina ya B, na virusi vya papiloma viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Haya hayafutiki kwa vidonge vya siku saba, lakini mawili ya mwisho yana chanjo, na mawili ya kwanza yana dawa za kuyadhibiti.

Tena maradhi haya husaidiana. Kidonda au uvimbe wa sehemu za siri huwa mlango wa virusi vya ukimwi. Mkoani Mwanza, nchini Tanzania, watafiti walilinganisha jamii 12 na, katika sita kati yake, wakaimarisha matibabu ya magonjwa haya katika zahanati za kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi katika jamii hizo sita yalipungua kwa takriban asilimia 40. Utafiti uliofuata Rakai, Uganda, ulitumia njia tofauti, ya kuwapa watu wengi dawa kwa pamoja, nao haukupata upungufu kama huo. Kwa hivyo tusidai kwamba tiba hii peke yake ni kinga tosha. Hata hivyo, funzo la Mwanza lasalia: zahanati iliyo karibu, yenye dawa na mhudumu asiyefoka, huokoa watu.

Kimya tumekwisha kukilipia hapa nchini. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa Kenya mwaka wa 1984. Ugonjwa ulitangazwa kuwa janga la taifa Novemba 1999. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 15 ya minong'ono na mazishi ambayo sababu yake haikutajwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba Thika yenyewe imeufundisha ulimwengu. Mji huu ulikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti uliohusisha zaidi ya jozi 4,700 za wapenzi nchini Kenya na Uganda, ambapo mmoja ana virusi vya ukimwi na mwenziwe hana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2012 yalionyesha kwamba kidonge cha kinga kinachomezwa kila siku kilipunguza maambukizi kwa asilimia 67 hadi 75. Mwaka wa 2022 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine, KEN SHE, uliofanywa Thika, Nairobi na Kisumu kwa wasichana na wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20. Dozi moja tu ya chanjo ya papiloma ilikuwa na ufanisi wa asilimia 97.5, katika miezi 18, dhidi ya aina mbili za virusi hivyo zinazosababisha saratani nyingi zaidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja yaweza kuwatosha wasichana. Mabinti wa Thika, basi, wamewasaidia wasichana wa dunia nzima. Ni wanafunzi wangapi wa Thika wanaolijua hilo? Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwaka wa 2019, na bado wapo wazazi wanaokataa kwa sababu ya uvumi.

Kinga yenyewe haina siri. Kutoanza ngono mapema ndiyo njia iliyo salama zaidi kwa mwanafunzi, naye ana haki ya kusema hapana na kusikilizwa. Uaminifu nao hulinda, mradi wote wawili wamepimwa kwanza. Kondomu ikitumiwa ipasavyo na kila mara huzuia sehemu kubwa ya maambukizi, ingawa haifuniki ngozi yote, na kwa hivyo haizuii kikamilifu malengelenge, papiloma au vidonda vya kaswende. Kujiosha baada ya tendo si kinga. Aliyebakwa au aliyejiweka hatarini na afike hospitalini mara moja, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72. Mjamzito apimwe kaswende mapema, kwani penisilini humtibu yeye na mtoto. Anayetibiwa amalize dozi, na mwenziwe atibiwe pia, la sivyo watarudishiana ugonjwa. Na tusinunue vidonge kwa kukisia: vijidudu vya kisonono vimekuwa sugu kwa dawa nyingi zilizovishinda zamani.

Walimu wenzangu, hatuhitaji kungoja istilahi mpya ndipo tuseme. Tuseme "magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana". Ni maneno marefu, lakini yanaeleza njia ya ugonjwa bila kumhukumu mgonjwa. Tuyataje majina yote darasani kwa sauti ileile tunayotumia kutaja malaria. Nanyi wanafunzi, swali mnaloona haya kumwuliza mwalimu mkamwulize mhudumu wa afya. Msiliulize nguzo ya umeme.

Yule mwalimu wa Ruiru hakuondoka mikono mitupu. Tuliketi tukamtungia maneno ya kumwambia mumewe: "Nina madhara ya maambukizi ya zamani. Hupita kwa kujamiiana, na huweza kukaa mwilini bila dalili. Hatuwezi kujua yalitoka kwa nani wala lini. Twende tukapimwe sote wawili." Hamna zinaa ndani yake, wala hamna uongo. Wiki iliyofuata alinipigia simu kunieleza kwamba walikwenda pamoja. Mtoto bado hajapatikana, na huenda asipatikane. Maneno hayo angeyasikia akiwa na miaka 18, darasani, kipindi cha methali, pengine nisingekuwa na habari hii ya kuwasimulia.