Picha Iliyotiwa Chumvi Ihukumiwe kwa Mizani Gani?

Katika mtaa wa Buyenzi, jijini Bujumbura, si ajabu kuwakuta vijana wamekizunguka kioo cha televisheni, wakishindana katika mchezo wa video. Anayepigana humo ni askari mwenye mabega mapana kama mlango, kichwa kidogo kama ndimu, na bombomu analolibeba kwa mkono mmoja. Sisi tuliofundishwa uzito wa silaha hucheka. Lakini yafaa tujiulize: je, kila umbo lililotiwa chumvi ni kosa?

Hasha. Mwaka 1981, Mjapani Shigeru Miyamoto alipomchora Mario, mashine za wakati ule zilimpa nukta chache mno za kuchorea. Alimpa pua kubwa na masharubu ili uso wake utambulikane, na kofia ili asihangaike na nywele. Hapo chumvi ilikuwa dawa ya uhaba. Wachongaji wa Kimakonde nao, tangu miaka ya 1950, wamechonga mashetani ya mpingo yenye jicho moja au masikio makubwa kupita kiasi. Hakuna anayedanganyika, kwani shetani hana kipimo cha binadamu.

Lakini kitabu cha picha cha Mbelgiji Hergé kuhusu Kongo, kilichotoka mwaka 1931, kina habari nyingine. Humo midomo ya Waafrika imevimbishwa, wote wakafanana, nao wanaonyeshwa kama wajinga. Chumvi hiyo haikumsaidia msomaji kumtambua mtu, ilimzoeza kumdharau. Enzi hizo hizo za utawala wa Kibelgiji, watu wa Ruanda-Urundi walipimwa pua na kimo, ikidaiwa kwamba umbo hufichua tabia na daraja ya mtu. Burundi yaijua gharama ya fikira hiyo.

Basi, askari wenzetu, mizani yetu na iwe hii: tusiulize tu umbo limezidi kiasi gani, bali limezidi kwa kazi gani, na ni nani anayedhalilishwa. Askari wa kwenye kioo na awe mpana. Ule ni mchezo. Hatari huanza pale kuruta anapoamini kwamba ushujaa hupimwa kwa kifua, au polisi aliye zamu kwenye kizuizi cha barabarani anapomhukumu raia kwa pua na kimo badala ya matendo yake. Mchoraji anaruhusiwa kutia chumvi. Sisi tuliovaa sare hatuna ruhusa hiyo.