Leza Ipi kwa Jicho Lipi

Agosti, kiangazi kinapokaza kati ya Mutomo na Kibwezi, upepo huinua vumbi jekundu na watoto wa shule hufikicha macho. Baadhi yao wana mzio wa macho wa aina inayostawi katika nchi za joto na ukavu: kope huvimba kwa ndani, jicho hutoa ute unaonata, na muwasho haukatiki. Kwa wengi mzio huo hutulia baada ya kubalehe. Mazoea ya kufikicha, hata hivyo, yanaweza kubaki, na ndiyo habari ambayo daktari wa leza atataka kuisikia kwanza miaka kadhaa baadaye, wakati mtoto yule ni mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kwa Vonza au karani mjini Wote, amechoshwa na miwani, na ameshaanza kuulizia bei ya LASIK, upasuaji wa macho kwa leza, Nairobi.

Kufikicha macho kwa nguvu, mwaka nenda mwaka rudi, kunahusishwa na keratokonasi. Katika maradhi hayo konea, ile sehemu angavu iliyo mbele kabisa ya jicho, hudhoofika, hukonda na kuchomoza mbele kama pia. Mwanzoni mgonjwa huonekana tu kuwa mtu asiyeona mbali, ambaye namba ya miwani yake haitulii. Akifanyiwa leza, konea iliyokwisha kudhoofika hupunguzwa tena, na anaweza kuishia na uono mbaya kuliko ule aliokuwa nao. Kwa hiyo anayeanza kwa kuuliza kama achague LASIK au PRK, aina nyingine ya upasuaji huo, amelirukia swali la pili. La kwanza ni kama jicho lake linafaa kuguswa na leza hata kidogo.

Jibu hutoka kwenye mashine inayochora ramani ya konea, mbele na nyuma, na kupima unene wake. Anayevaa lenzi laini za machoni hutakiwa kuziacha wiki moja au mbili kabla ya kipimo, kwa sababu hubadilisha umbo la konea kwa muda. Lenzi ngumu huhitaji kuachwa kwa muda mrefu zaidi. Namba ya miwani nayo iwe imetulia kwa angalau mwaka mmoja. Keratokonasi ikionekana mapema, kuna tiba ya kuizuia isiendelee: konea hulowekwa kwa matone ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale ya urujuanimno ili nyuzi zake zikazane. Tiba hiyo ilibuniwa Dresden, Ujerumani. Haimwondolei mtu miwani, lakini inaweza kumwepusha na upandikizaji wa konea, kazi inayofanywa katika hospitali kama Lions SightFirst ya Loresho, Nairobi.

Jicho likipita mtihani huo, hapo ndipo uchaguzi huanza.

Leza ya kuchonga konea haikuzaliwa hospitalini. Mwaka 1981 Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum walikuwa wakifanya kazi katika maabara ya IBM jimboni New York, na walikuwa na leza ya gesi inayotoa miale ya urujuanimno. Siku iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, Srinivasan alifika kazini na mabaki ya bata mzinga aliyeliwa nyumbani kwake. Wakaijaribu leza kwenye gegedu, nayo ikachimba mfereji safi usio na alama ya kuungua kandokando. Mawimbi yake, yenye urefu wa nanomita 193, hukata vifungo vya molekuli, na tishu hufuka kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel alichapisha matokeo ya kuitumia kwenye konea, na kabla ya mwongo huo kwisha upasuaji wa PRK ulikuwa umeanza kufanyiwa watu.

PRK ndiyo kongwe. Ngozi ya juu kabisa ya konea hukwanguliwa, leza huchonga sehemu ya chini yake, kisha jicho huvikwa lenzi laini kwa siku nne au tano mpaka ngozi imee upya. Siku hizo zina maumivu, mwanga hauvumiliki, na uono huchukua wiki kadhaa kutulia. LASIK, ambayo Mgiriki Ioannis Pallikaris ni miongoni mwa waanzilishi wake, ilikuja kuondoa adha hiyo: kifuniko chembamba hukatwa juu ya konea, hufunuliwa, leza huchonga, kifuniko hurudishwa. Wengi huona vizuri kesho yake. SMILE ni changa zaidi. Leza yenye mapigo mafupi mno hukata kipande chembamba ndani ya konea, naye daktari hukivuta nje kupitia upenyo wa milimita chache, bila kifuniko chochote. Msingi wa mapigo hayo ni kazi iliyowapa Gérard Mourou na Donna Strickland tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018.

Tangazo litasema iliyo mpya ndiyo bora. Hesabu haikubali hivyo. Konea ya kawaida ina unene wa maikroni 540 hivi katikati. Ili kurekebisha eneo lenye upana wa milimita 6.5, leza huondoa takriban maikroni 14 kwa kila namba moja ya miwani. Mwenye mainasi 3, yaani asiyeona mbali, hupoteza 42. Mwenye mainasi 8 hupoteza 112. Kifuniko cha LASIK chenye maikroni 110 hivi hakihesabiwi tena kuwa nguzo, na chini yake madaktari hutaka zibaki angalau 250. Sasa mchukue mtu wa mainasi 8 mwenye konea ya maikroni 480. Kwa LASIK atabaki na 258, ukingoni kabisa. Kwa PRK, ambayo kabla ya leza huondoa maikroni 50 tu za ngozi inayoota upya, atabaki na 318. Hesabu hii ina uzito kwetu, maana konea za watu wenye asili ya Afrika kwa wastani ni nyembamba kidogo kuliko za Wazungu. Kwa namba kubwa zaidi ya hapo, lenzi ndogo inayowekwa ndani ya jicho huenda ikawa salama kuliko leza yoyote.

Kazi ya mtu nayo ina kura yake. Kifuniko cha LASIK hakirudii nguvu ya awali, na pigo la miaka ya baadaye linaweza kukisogeza. Mwendesha bodaboda anayepita kwenye migunga, mchoma mkaa au mchimba mchanga ana sababu nzuri ya kuvumilia maumivu ya PRK. Jeshi la Marekani lilianza na PRK kwa sababu hiyohiyo. Anayesumbuliwa na ukavu wa macho naye akumbuke kwamba LASIK hukata neva nyingi za konea na kuongeza ukavu kwa miezi kadhaa. SMILE hukata chache.

Halafu kuna umri. Msusi wa viondo wa miaka 45 mwenye mainasi 3 huvua miwani yake na kuona uzi wa mkonge vizuri kabisa, wakati wenzake wa rika lake wanahangaika kutafuta miwani ya kusomea. Akirekebishwa macho yote mawili yaone mbali, ataona vilima vya Mumoni bila miwani, na uzi utampotea mikononi. Leza haizuii lenzi ya ndani ya jicho kukakamaa kwa umri, wala haiondoi mtoto wa jicho. Baadhi ya madaktari huliacha jicho moja na mainasi kidogo kwa ajili ya kazi ya karibu, baada ya mgonjwa kujaribu hali hiyo kwa lenzi za kuvaa. Msusi huyu pengine hana haja ya leza kamwe, na daktari mwaminifu atamwambia hivyo.

Anayechagua PRK na anatoka Mwingi au Makindu apange pa kulala Nairobi wiki nzima, kwani lenzi ya kulinda jicho hutolewa na daktari, na vumbi la safari si la kupeleka kwenye konea isiyo na ngozi. Miwani ya jua na kofia ni sehemu ya tiba kwa miezi kadhaa. Jua kali linaweza kuchangia ukungu kwenye konea iliyochongwa. Na kabla hajaondoka kliniki aombe nakala ya vipimo vya unene wa konea na presha ya macho vilivyochukuliwa kabla ya leza. Konea iliyopunguzwa huifanya mashine isome presha chini ya ilivyo kweli, na glakoma huwapata Waafrika zaidi kuliko Wazungu. Miaka 20 baadaye, daktari atakayempima katika hospitali ya rufaa ya Kitui au Makueni atahitaji namba hizo mbili.