Jiwe la Zamani Lisitupwe: Mafunzo ya Ujenzi Kutoka Mikindani na Mtwara

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano ujao Kamati itawaletea shauri la ghala letu la zamani: je, livunjwe tujenge jipya kwa matofali ya saruji, au litengenezwe? Fedha itakayotumika ni ya wanachama wote, nayo imetokana na jasho la mikarafuu. Kwa hiyo yafaa kila mmoja aje mkutanoni akiwa amekwisha kulifikiri jambo hili. Nimeona niwaandikie habari za wenzetu wa pwani ya kusini, tangu Mikindani na Mtwara mpaka mlango wa mto Ruvuma, kwa maana yaliyowakabili wao ndiyo yanayotukabili na sisi.

Wataalamu wa siku hizi husema juu ya "uchumi wa mzunguko". Jina ni geni lakini maana yake si ngumu: kitu kilichokwisha kutumika kisihesabiwe taka bali kirudishwe kazini, na kinachotoka ardhini au baharini kisichukuliwe upesi kuliko kinavyoweza kuota tena. Mkulima wa karafuu haelezwi sana habari hiyo. Makonyo hatuyatupi, huko Pemba hupelekwa kiwanda cha Wawi yakatolewa mafuta. Ikiwa kikonyo kina thamani, mbona jiwe la nyumba tulitupe?

BOMA LA MIKINDANI

Mikindani ni mji wa kale wa biashara, karibu na Mtwara. Ndipo alipopita Dk. Livingstone mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Mwaka 1895 Wajerumani walijenga boma lao pale. Baada ya miaka mingi boma lile lilichakaa likawa gofu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika moja la hisani la Uingereza, jina lake Trade Aid, lilianza kulitengeneza, likafanywa hoteli na mahali pa kuwafundisha vijana wa mji kazi za kuwapatia riziki. Jengo lililokuwa mzigo likawa mali tena, wala haikulazimu kujenga jingine mahali pake.

Jambo hili huwezekana kwa sababu ya namna majengo ya zamani ya pwani yetu yalivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, na kilichoyashika ni chokaa na mchanga. Chokaa ni laini kuliko jiwe. Basi fundi akibomoa ukuta, mawe hutoka mazima naye huweza kuyajengea tena. Saruji haifanyi hivyo. Hushika kwa nguvu hata tofali huvunjika kabla ya saruji kuachia, na mwisho wake ni kifusi tu. Tena ukuta wa chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje. Ukiupaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, lipu ikavimba na kuanguka, na boriti zikaoza. Fundi anayeziba ukuta wa kale kwa saruji huenda akadhani ameuponya, kumbe ameuongeza ugonjwa.

DENI LA CHOKAA

Lakini tusiisifu chokaa bila kutaja ubaya wake. Katika ghuba ya Mikindani na sehemu nyingine za pwani ya Mtwara, watu walikuwa wakivunja matumbawe yaliyo hai baharini, wakayachoma kwa magogo mengi ili kupata chokaa. Tumbawe hukua polepole mno. Yale makubwa ya mviringo huongezeka kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka, hivyo lenye kimo cha mita moja limekua kwa muda wa karibu miaka 100. Kulivunja ni kazi ya asubuhi moja. Likivunjwa, samaki wamepoteza nyumba na pwani imepoteza ukuta wa kuzuia mawimbi. Hiyo ni israfu, hata kama chokaa yake ni nyeupe namna gani.

Mikoko nayo ni vivyo hivyo. Boriti zake ndizo zilizobeba dari za pwani yote, na vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, kiasi cha mita tatu, kwa sababu huo ndio urefu wa boriti. Zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Arabuni, hata Kenya ikakataza kuzipeleka nje mwaka 1982. Mlango wa Ruvuma una msitu mkubwa wa mikoko, na mwaka 2000 sehemu ile pamoja na Ghuba ya Mnazi ilifanywa hifadhi ya bahari. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Msumbiji kaskazini, ng'ambo ya mto huo huo. Watu wa pwani wanajua thamani ya mikoko siku kama hizo.

SARUJI ILIYO KARIBU

Kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa Mtwara mwaka 2015, nacho kilijengwa kiweze kutoa tani milioni 3 kwa mwaka. Saruji ni kitu cha lazima. Msingi, tangi la maji na sakafu ya kuanikia karafuu vyaihitaji. Lakini huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na chokaa kwa nyuzi 900 hivi. Tena chokaa ikikauka ukutani huvuta tena sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka ilipochomwa. Saruji yataka mchanga pia, na mchanga Unguja umekuwa haba. Wa baharini usitumiwe ovyo, kwani chumvi yake hula nondo.

MASHAURI

Kwa hayo, naomba wanachama wayafikiri mambo haya:

1. Ghala likaguliwe na fundi anayejua chokaa kabla ya kutajwa kuvunjwa.
2. Sehemu itakayobidi kubomolewa ibomolewe kwa mkono. Mawe, milango, boriti nzima na mabati vihesabiwe na kuwekwa.
3. Chokaa inunuliwe kwa mchomaji anayetumia mawe ya nchi kavu tu.
4. Mahali pa boriti mpya za mikoko, zitumike mbao za minazi mizee isiyozaa.
5. Mbao zipakwe dawa ya mchwa. Mafuta ya maganda ya korosho hufaa kwa kazi hiyo, nayo Mtwara ni nchi ya korosho; ila yapakwe kwa uangalifu, kwani huchoma ngozi.

Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Ghala letu ni dogo, lakini kanuni ni ile ile: usipoziba ufa utajenga ukuta. Njooni mkutanoni, na kila mwenye fundi anayemwamini aje na jina lake.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama